Spidi ya Opondo

Opondo alikuwa akipandisha mlima wa Boito na lori lililojaa majani chai mabichi, gia ya pili, trafiki walipomsimamisha na kumwambia amekimbia kilomita mia na kumi kwa saa. Kortini Sotik alikana. Leseni ikienda, kazi ingeenda, na yeye na mkewe Beldina wangefukuzwa kwenye nyumba ya kampuni ya chai.

Aliomba ushahidi. Kiongozi wa mashtaka, Bi. Rodah, alimwambia atauona siku ya kesi.

"Madam, nitajitetea aje na kitu sijaona?"

Hakimu akaamuru aonyeshwe.

Kituoni, Konstebo Kipchirchir alisogeza mitungi ya pombe ya chang'aa kwenye stoo ya vielelezo, akamwonyesha spidi. Ilikuwa imefungwa kwa kamba dirishani, ikivuta kama ndama aliyesikia mamake. Karatasi zote za chumba hicho zilikuwa zimewekewa mawe juu zisipeperushwe nayo. Opondo akainama, akainusa. Ilinukia marashi na viti vya ngozi.

"Hii si yangu," alisema.

Kipchirchir hakubisha. Ilikuwa ya gari jeusi la mkubwa fulani, lililompita Opondo pale mlimani, na gari lile halisimamishwi. Lakini spidi ikishakamatwa, alieleza, lazima iandikiwe mtu.

Siku ya kesi, spidi ililetwa kortini. Opondo akamgeukia konstebo.

"Afande, spidi hii ni ya nani?"

Kipchirchir alijibu akiangalia dari.

"Ni yako."

Opondo akaomba ijaribiwe. Lori likaletwa uani, kamba ikalegezwa. Spidi ililizunguka lori, ikaligusa tairi moja, ikakataa kupanda. Hakimu aliyaona hayo kupitia dirisha na kuyaandika. Bi. Rodah akasema kwa upole kwamba hakuna sheria inayotaka spidi imtambue mwenyewe. Hakimu akakubaliana naye. Akamnyang'anya Opondo leseni kwa mwaka mzima, na kuamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Opondo akatia sahihi, akapewa kamba.

Beldina alikuwa akianua nguo Opondo alipofika nayo nyumbani. Hakuuliza kesi imeendaje. Aliuliza tu kama inauma.

"Haiumi," Opondo alisema. "Inavuta tu."

Mwisho wa mwezi walirudisha ufunguo wa nyumba. Beldina alijitwika godoro, Opondo akabeba mabegi, kamba ameizungusha mkononi. Spidi ilitangulia katikati ya mashamba ya chai, ikiwavuta mteremko wote, wakafika steji ya matatu mapema kuliko walivyotaka.