Mkono wa Kushoto wa Cheruto

Cheruto alikubali kuzibwa tundu la moyo kwa sababu ya mkono. Watu wa Kariandusi waseme watakavyo, moyo wenyewe haukuwa umemsumbua hata siku moja. Alizaliwa na tundu hilo akafika miaka arubaini na moja bila kujua. Ila mwezi wa tatu, akiwa amechuchumaa kumkamua ng'ombe wake Chelel, damu iliyoganda ilipenya pale tunduni ikapanda hadi kichwani. Kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya siku mbili, mguu baada ya wiki. Mkono wa kushoto ulibaki umekufa ganzi. Ulisogea, ulishika kikombe ukiangaliwa, lakini haukusikia moto wala baridi, na Chelel, ng'ombe mwenye madharau kuliko mke wa chifu, hakukubali kuguswa na mkono wa namna hiyo.

Daktari wa Nakuru alipomwambia kwamba watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, waache huko kifuniko kidogo, alikataa katakata. Ndipo mumewe, Kibii, akamfuata daktari koridoni, akarudi na kusema, "Wakiziba, mkono utarudi." Cheruto akapiga moyo konde. Siku ya kuzibwa alilala kwenye kitanda cha hospitali macho wazi, akiutazama moyo wake ukidunda kwenye skrini, na hakuogopa. Alikuwa akiwaza maziwa.

Miezi mitatu ikapita. Wanawake wa kanisa walifunga na kuomba kila Jumatano. Kila asubuhi Cheruto aliutia mkono kwenye maji baridi ya tangi, akangoja. Aliyekamua sasa ni Kibii, tena vibaya, na Chelel alimlipa kwa mateke.

Siku ya kliniki daktari, binti mpole aitwaye Wangechi, alimpima akatabasamu.

"Tundu limeziba vizuri, mathe. Hatari ya kiharusi kingine imepungua sana."

"Na mkono?"

Daktari alimtazama Kibii. "Si tulimweleza mzee siku ile? Kifuniko ni cha kuzuia kiharusi kingine. Mkono hakiponyi. Mambo yaliharibika kwa ubongo. Endelea na mazoezi, lakini sikudanganyi, huenda ukabaki hivyo."

Kibii aliangalia viatu vyake.

Cheruto alingoja hasira ije. Haikuja.

"Ningekuambia ukweli, ungekubali?" Kibii alimuuliza walipofika nyumbani.

"Singekubali."

"Basi ningekuzika."

Cheruto aliingia jikoni. Siku mbili alimpikia, akampakulia, bila neno. Wala hakuwa amemnunia.

Jumapili ikafika, na kanisani kwao aliyeombewa lazima asimame atoe ushuhuda, mwenzi wake kando yake. Wanawake waliofunga walikaa safu ya mbele, vilemba vimekazwa, wakingoja kuonyeshwa mkono. Kibii ni mzee wa kanisa, na sentensi moja tu ya mkewe ingemvua heshima yote mbele ya watu aliowahubiria ukweli miaka kumi.

"Bwana asifiwe," alisema Cheruto.

"Amen."

"Mlifunga kwa sababu ya mkono. Mkono haujarudi, na daktari anasema huenda usirudi. Lakini moyo umezibwa, na bado niko." Akamgeukia Kibii. "Mimi nilikuwa nimekataa. Ni mzee wangu alinifanya nikubali."

Hakuna aliyejua kama apige makofi au alie. Mchungaji aliwaokoa kwa kuanzisha wimbo.

Walipoketi, Cheruto alitupa jicho chini akaona Kibii ameushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa akiufinya, machozi yakiudondokea. Cheruto hakujua ameanza lini. Alimtazama mumewe akiuomba msamaha mkono usiosikia kitu, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki alimhurumia.

"Si huo," alimwambia polepole. "Zunguka upande huu wa kulia."