Risasi Inayobaki Ndani

Kwenye stoo ya silaha ya halmashauri kuna aina tatu za risasi za wanyama wakubwa, na mimi na Mzee Pantaleo tumeshabishana juu ya zote tatu. Ubishi wetu hauna kelele. Mimi nasema maneno kumi, yeye anasema moja, halafu anavua miwani na kuifuta kwa shati. Akianza kufuta miwani ujue hataki kusikia la kumi na moja.

Naitwa Dorah, ofisa wanyamapori, mwaka wa nne kazini hapa Ushetu. Mzee Pantaleo alikuwa askari wa wanyamapori kabla mimi sijajua kusoma, na wakati wa habari hii alikuwa amebakiza miezi saba astaafu.

Mwezi wa pili tulipata taarifa kutoka kijiji kimoja kinachopakana na pori. Niliisoma mara mbili. Mbogo dume, mzee, asiye na kundi, alikuwa amejiunga na ng'ombe. Mchana anakula nao, anakunywa nao maji, na jioni wakiingia zizini anabaki nje, kalala kwenye miiba ya uzio. Ng'ombe walikuwa wameshamzoea. Kwa watu ilikuwa habari nyingine. Alimrusha mkulima mmoja kwenye shamba la tumbaku akamvunja nyonga. Tulimfukuza kwa baruti na madebe mara tatu, na mara zote tatu alirudi kabla sisi hatujafika ofisini. Mwishowe kibali cha kumuua kikatoka.

Ng'ombe wale, kumi na wanne, walikuwa kwa mjane mmoja aitwaye Lusia, au Mama Blessing kama wote tulivyomwita. Wawili tu ndio walikuwa wake. Waliobaki ni wa shemeji yake, Adam, mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo. Kila alipopata mwamba mzuri, Adam alinunua ng'ombe na kumwekea Mama Blessing. Usukumani jambo hilo ni la kawaida kabisa. Ng'ombe wako anakaa kwa ndugu, ndugu anakunywa maziwa na kulimia maksai, nawe ukiwa mbali unajua mali yako ipo. Ng'ombe akifa, mtunzaji anampelekea mwenyewe ngozi ili aone kwa macho yake.

"Sasa mayu," Mama Blessing aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, siku tuliyokwenda kukagua, "risasi yenu ikimpata mmoja, nampelekea shemeji ngozi yenye tundu? Atasema nini? Atasema nimewachinjia wageni wangu. Atakuja na lori awachukue wote, na maksai humo humo. Mimi nitalima kwa kucha?"

Nilijua jibu lilikuwa stoo.

Bunduki yetu kubwa ni ile ya 458. Risasi yake ina uzito wa greni mia tano, yaani zaidi kidogo ya gramu thelathini na mbili, na zetu zote ni ngumu. Risasi ngumu haifunguki. Inavunja mfupa na kuendelea na safari yake, na mbogo akiwa amekupa ubavu inaweza kutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu za kumuua mwingine. Bunduki ya pili ni ya 375. Risasi zake ni laini nchani, zikigusa nyama zinapanuka kama uyoga, zinaumiza humo ndani na mara nyingi zinabaki humo humo. Hizo tunazo za uzito wa aina mbili: za greni mia mbili sabini na za greni mia tatu.

"458," alisema Mzee Pantaleo.

"Mzee, itapita. Nyuma ya yule mbogo daima kuna ng'ombe. Tutaua wawili kwa risasi moja, na mmoja ni wa Adam."

Akafuta miwani. Nikaendelea kusema, maana nina ugonjwa huo. Nikamweleza habari ya ngozi, ya shemeji na ya lori. Nikasema 375, laini, greni mia tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mwaka ule wa Mwigulu, niliyechagua risasi ni mimi. Ilikuwa laini, ya mia mbili sabini. Niliipenda kwa sababu inakwenda mbali bila kushuka. Nilikuwa nimeangusha nayo pofu, nyamera, kila kitu. Nikampiga mbogo begani. Ikapasukia pale pale kwenye mfupa, hata mapafu haikuyafikia. Akamfuata Mwigulu. Mimi nikiwa napakia ya pili, Mwigulu alikuwa ameshakwisha. Usiniambie habari ya risasi laini, Dorah."

Niliona aibu. Kila mtu ofisini alijua kwamba Mwigulu, askari mwenzake wa zamani, aliuawa na mbogo, lakini hakuna aliyewahi kuniambia nani alichagua risasi. Ningekuwa na adabu ningenyamaza. Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba ile ya mia mbili sabini ni nyepesi na ina mbio, na mfupa wa bega la mbogo unaivunja kwa sababu ya mbio zile zile. Ya mia tatu inakwenda taratibu kidogo na ni ndefu, uzito wa nyuma unaisukuma iingie hata ncha ikiwa imeshafunguka.

Siku mbili tulibishana hivyo. Siku ya pili jioni akaniwekea mezani risasi tano za greni mia tatu.

"Utapiga wewe," alisema. "Mimi nitasimama pembeni na 458. Akija kwetu, simuulizi mtu ng'ombe ni wa nani."

Nilikubali. Lilikuwa neno la haki.

Tulifika saa moja asubuhi. Mama Blessing alitupokea mlangoni, tukasalimiana mwangaluka, mwangaluka, kama vile tumekuja kunywa uji. Mbogo alikuwa kasimama upande wa pili wa zizi, mkubwa, masikio yamechanika, anacheua.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila asubuhi ng'ombe wanapita kati ya mabani mawili ya kukaushia tumbaku, wanatokea kwenye uwazi, halafu wanashuka lamboni kunywa. Mbogo huja wa mwisho. Kwenye uwazi ule, nyuma yake kungekuwa na tuta la lambo, udongo mtupu. Mimi ningejificha kwenye kichuguu, Mzee Pantaleo kwenye kona ya bani. Wanakijiji wote walikuwa wameambiwa wakae ndani. Nikamwambia Mama Blessing afungue zizi kisha arudi nyumbani afunge mlango.

"Na ng'ombe?"

"Si wanajua njia?"

"Wanaijua," alisema.

Nililala nyuma ya kichuguu. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Ng'ombe walitokea mmoja mmoja, bila haraka, nikawahesabu kumi na wanne wakipita kuelekea majini. Kisha mbogo. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa, akafika kwenye uwazi akasimama. Mbele ya tuta kulikuwa bado na makalio ya ndama mmoja. Nikasubiri. Ndama akasogea. Nikapiga.

Aliruka kwa miguu ya mbele, nikasikia risasi ikigonga mfupa. Nilitazamia aanguke au anijie. Hakufanya hata moja. Aligeuka akashika mbio kuwafuata ng'ombe wake majini, akapita mbele ya Mzee Pantaleo kwa hatua kama ishirini, ubavu wote wazi.

"Piga!" nilipiga kelele. "Mzee, piga!"

Mzee Pantaleo alikuwa na 458 begani na shavu kwenye kitako. Mdomo wa bunduki ulimfuata mbogo polepole. Hakupiga. Mimi nilikuwa nimeshapakia ya pili, lakini mbele yangu sasa ilikuwa ni migongo ya ng'ombe tupu. Mbogo alikimbia hatua thelathini, arobaini. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, ya mbele ikafuata, akaanguka ukingoni mwa maji na kutoa mlio mmoja mrefu. Alipojaribu kuinua kichwa hakuweza. Baada ya hapo alitulia.

Nilimwendea mzee mbio kwa hasira.

"Kwa nini hukupiga? Angeingia kwenye ng'ombe! Unajua wewe mwenyewe mbogo mwenye jeraha—"

Alishusha bunduki. Akanionyesha kwa kidevu.

Ng'ombe walikuwa wakitawanyika, na katikati yao, hatua nane au tisa nyuma ya mbogo, majini, alisimama Mama Blessing na fimbo yake, khanga imelowa hadi magotini. Pale nilipokuwa nimelala, ng'ombe walikuwa wamemfunika. Kutoka kwenye kona ya bani alionekana mzima mzima.

"Mama, si nilisema ukae ndani?" nilimuuliza.

"Ng'ombe wa shemeji waende majini peke yao?" Alinishangaa kweli kweli. "Nilizungukia kule nyuma nikatangulia kuwaita. Walikuwa wanasita bila mimi."

Mzee Pantaleo alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa bani. Alitoa risasi za greni mia tano kwenye bunduki moja moja, na ya mwisho ikamponyoka. Nilichuchumaa karibu yake.

"Yangu ingepita," alisema. "Ingemfikia."

"Na kama yangu isingefanya kazi?"

"Ndicho nilichokuwa nasubiri kukiona," alisema. Akafumba macho.

Mama Blessing alikuwa akipita kati ya ng'ombe wake, akiwagusa migongoni mmoja baada ya mwingine na kuhesabu kwa sauti. Alipofika wa kumi na nne alipiga kigelegele, akaja kwangu akanikumbatia kwa nguvu, na maji ya khanga yake yakanilowesha suruali.

"Wabeja, mayu, wabeja sana! Hakuna hata mmoja aliyeguswa. Mungu akupe maisha." Kisha akamwona mzee pale chini. "Baba amepatwa na nini?"

"Amechoka," nilisema.

"Basi ngoja nimletee maziwa."

Akaenda mbio kuelekea nyumbani. Siku mbili nzima nilikuwa nimebishana na mtu mzima juu ya kitakachokuwa nyuma ya yule mbogo. Nilitaja ng'ombe, nikataja ngozi, nikataja lori la Adam. Mtu sikumtaja hata mara moja. Aliporudi na kibuyu alinipa mimi kwanza, kwa heshima, na nilikunywa nikiwa nimeinamisha uso kwa sababu sikuweza kumtazama.