Jibu Ambalo Fundi Hakulitoa

Kauli yenyewe ilikuwa fupi, imenyooka, na nukta zake zimekaa mahali pake: "Sikuifunga koki. Nilijua iko wazi." Mwanamke aliyesimama nje ya dirisha la masjala aliigusa kwa ncha ya kidole, akakiondoa upesi kama aliyegusa pasi ya moto.

"Hayo hakuyasema," alisema.

Karani aliyekuwa ndani aliugeuzia ukurasa upande wake. Ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa mwenendo wa kesi iliyokwisha hukumiwa. Fundi wa kuchomelea vyuma, karakana iliyolipuka kwa gesi, mfanyakazi mwenzake mmoja aliyefariki, kifungo cha miaka saba. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na saini, na saini hiyo ilikuwa ya karani mwenyewe.

"Dada, haya yalitamkwa mahakamani. Yamerekodiwa."

"Nilikuwepo. Nilikaa benchi la tatu. Wakili wa serikali alimuuliza kama aliifunga koki ya mtungi kabla ya kutoka, mume wangu akainamisha kichwa. Akanyamaza, akanyamaza, mpaka hakimu akasema tuendelee. Basi." Mwanamke yule aliegemea dirisha. "Hata yeye sasa anasema labda alisema. Wamempa hiyo karatasi huko gerezani, ameisoma mpaka ameanza kuiamini. Lakini mimi nilikuwa namtazama mdomo."

Karani alimwambia arudi kesho. Ndivyo alivyowaambia wote, na kwa kawaida aliwasahau kabla hawajafika kwenye ngazi. Huyu hakumsahau.

Karani huyo pale mahakamani walimwita Mama Nukta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi mbele ya meza za mahakimu akiandika kila kilichotamkwa, na mawakili waliwahi kusema kwa utani kwamba mtu akipiga chafya mbele yake, chafya ile itatiwa nukta na kupelekwa rufani. Alijivunia jina hilo. Aliamini kwamba hakimu huja na kuondoka, wakili hupandisha sauti na kuishusha, lakini kinachobaki ni kile alichokiandika yeye.

Kisha ikaletwa mashine. Iliwekwa ukutani juu ya kizimba, ndogo kama sanduku la viatu, na makarani wakaibatiza Bwana Sikio, kwa kuwa haikuugua, haikuomba ruhusa ya msiba na haikujua saa ya chai. Ilisikiliza kesi ya siku nzima, na kabla watu hawajamaliza kutoka ukumbini ilikuwa imekwisha kuitoa kwenye karatasi, safi, kila msemaji na jina lake. Kazi ya Mama Nukta ikawa kuisikiliza sauti, kuilinganisha na maandishi, na kusaini hati isemayo: "Nimesikiliza na kulinganisha; huu ni mwenendo sahihi na kamili." Wiki ya kwanza alisikiliza. Wiki ya pili Msajili alimletea mafaili arobaini, akamwambia yanatakiwa Ijumaa. Kuisikiliza siku moja ya kesi huchukua siku moja. Hesabu haikukubali. Basi akawa anakagua majina, tarehe na nukta, halafu anasaini.

Mchana ule wenzake walipokwenda kula, alijifungia masjala, akavaa hedifoni na kuitafuta sauti ya fundi. Aliipata bila taabu. Sauti ya wakili wa serikali, kavu: "Uliifunga koki ya mtungi kabla ya kutoka, au hukuifunga?" Baada ya hapo, feni. Kiti kililia. Mtu alikohoa mbali, pengine benchi za nyuma. Feni tena. Kisha hakimu: "Tuendelee."

Aliirudisha. Akahesabu. Sekunde kumi na moja. Akaongeza sauti mpaka mlio wa feni ukamuuma masikioni, akitamani, Mungu amsamehe, kusikia japo mnong'ono mmoja ambao ungemwezesha kuvua hedifoni na kwenda kula. Aliirudisha mara sita. Hapakuwa na mtu ndani ya sekunde zile. Mashine haikuwa na ugomvi na fundi. Ilikuta pengo, ikaliziba kwa maneno ambayo watu mahali kama pale huyasema. Kilichomtia baridi ni kwamba maneno yalifaa mno. Angepewa yeye kazi ya kumtungia kauli mtu mwenye hatia, asingepata fupi kuliko ile.

Na yule hakimu aliyekuwa amekiona kichwa cha fundi kikiinama hakuandika hukumu. Alihamishwa kabla. Aliyeletwa badala yake alipokea faili, akasoma ukurasa wa arobaini na moja, akaona mtu amekiri kwa mdomo wake.

Msajili alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kupanga kalamu zake sambamba kabla ya kusema jambo zito, na siku hiyo alizipanga mara mbili.

"Sheria inasema mwenendo uliothibitishwa ndio kumbukumbu ya mahakama," alisema. "Haisemi lolote kuhusu sauti. Sauti ni msaada tu wa karani, na hufutwa siku tisini baada ya hukumu. Za faili hili zimebaki siku sita."

"Sheria hiyo iliandikwa wakati mwenendo unaandikwa na mtu, mzee."

"Na mpaka leo unasainiwa na mtu." Alimtazama. "Wewe."

Mama Nukta alizitazama zile kalamu.

"Sikutishi," Msajili aliendelea, akiwa ameshusha sauti. "Lakini fikiria. Ukilifungua hili moja, kuna elfu ngapi nyuma yake? Watu wametalikiana kwa karatasi hizo. Watoto wamekabidhiwa kwa mama zao au kwa baba zao. Watu wamefungwa, wameachiwa. Utasimama wapi useme hapa ndipo mwisho?"

Swali hilo alikwenda nalo nyumbani na kulala nalo, kama mtu alalavyo na jino bovu. Jumamosi asubuhi alikuwa uani anafua, na mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Umebakiza miaka miwili kustaafu," mumewe alisema. "Miwili tu, mama watoto. Mwambie yule dada amtafute wakili, wakili aiombe sauti mwenyewe. Wewe hukuiunda mashine."

"Wakili ataomba sauti gani, naye hajui kama ipo? Msajili hatamwambia."

"Basi mwambie wewe, kimya kimya."

"Nikimwambia kimya kimya, mahakama itauliza amejuaje."

"Nao wakikuuliza kwa nini ulisaini?"

"Nitasema."

"Utasema nini?"

Alilikamua shati mpaka kifungo kikafyatuka na kuruka kwenye maji machafu. Alichutama akikipapasa kwenye beseni, na kadiri alivyokipapasa ndivyo machozi yalivyomlenga. Hakuwa akikililia kifungo. Ishirini na miwili aliihesabu moyoni, miaka ishirini na miwili ya kuandika kwa uaminifu hata kigugumizi cha mashahidi, na hapo mtu amelala kwenye sakafu ya saruji kwa ajili ya Ijumaa moja aliyokuwa na haraka.

"Nitasema sikusikiliza," alijibu hatimaye. Mumewe aliweka kisu chini, asimbishie tena.

Jumatatu alikula kiapo mbele ya wakili wa yule mwanamke. Hati yake ilikuwa na aya nne, na ya tatu ilikuwa na maneno matano: "Nilisaini bila kusikiliza sauti hiyo." Maombi yalipelekwa mahakama ya rufani siku hiyo hiyo, na amri ya kuizuia sauti isifutwe ikatoka siku moja kabla ya kufutwa. Saa ile ile Mama Nukta alipokea barua ya kusimamishwa kazi. Aliisoma akiwa amesimama ngazini, akagundua imekosewa tarehe, na mkono ukamwasha kuisahihisha.

Siku ya rufani ukumbi ulijaa. Majaji walikuwa watatu. Mama Nukta hakuwahi kukaa kizimbani, na alishangaa jinsi kilivyo juu, na jinsi mtu aliye pale asivyojua mikono yake aiweke wapi.

Wakili wa serikali alikuwa na hoja, tena si ya kubeza. Mahakama, alisema, haiwezi kuishi bila kumbukumbu yenye mwisho. Ikiwa kila mfungwa atadai kwamba maneno yaliyoandikwa si yake, hakuna hukumu itakayosimama mpaka jioni.

Jaji kiongozi, mama mwenye mvi zilizokatwa chini kabisa, alimwuliza, "Tuseme nakubaliana nawe. Haya maneno ya ukurasa wa arobaini na moja, ni ya nani?"

"Ni ya mwenendo, mheshimiwa."

"Nauliza nani aliyasema. Mshitakiwa yuko hapa, tunaweza kumwuliza. Karani yuko hapa, ameapa. Huyo wa tatu tutamwapisha vipi?"

Watu wachache walicheka. Wakili hakucheka, alifunua kitabu chake, akakifunika. Kisha akamgeukia Mama Nukta.

"Ulisaini kwamba umesikiliza?"

"Ndiyo."

"Na leo unaapa kwamba hukusikiliza?"

"Ndiyo."

"Basi tukuamini lini, shahidi? Ulipoandika, au sasa unaposema?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Alitazama chini, akamwona mke wa fundi kwenye benchi la tatu, kama kwamba hajawahi kuondoka pale tangu siku ile.

"Msiniamini mimi," alisema. "Sikilizeni."

Sauti ikachezwa. Swali likaulizwa upya na mtu yule yule aliyesimama mbele yao, na yeye mwenyewe alionekana kustushwa na ukali wake wa zamani. Kisha feni. Kiti. Kikohozi. Hakuna aliyesogea. Sekunde kumi na moja si kitu mtu anaposubiri maji yachemke. Ndani ya ukumbi ule zilikuwa ndefu hata jaji mmoja akafumba macho. "Tuendelee," sauti ya hakimu ilisema, na watu wakashusha pumzi pamoja.

Wakili wa serikali alibaki amesimama. "Swali la mwisho. Ni nyaraka ngapi nyingine ulizosaini hivyo?"

Wakili wa fundi aliinuka kupinga. Jaji kiongozi alimwashiria aketi.

Mama Nukta alimwona Msajili mlangoni, ameegemea fremu, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayemsihi mtoto aliye ukingoni mwa paa.

"Zote," alisema. "Tangu wiki ya pili ya mashine, zote."

Jaji kiongozi alivua miwani, akaivaa, akavuta karatasi tupu na kuanza kuandika kwa mkono wake.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Hatia ilifutwa, kesi ianze upya, fundi aachiwe kwa dhamana. Kuhusu kile ambacho watu walikuwa wanakingoja, iwapo karatasi na sauti vikipingana sheria ifuate kipi, majaji waligawanyika: mmoja alisema sauti, mmoja alisema karatasi mpaka Bunge litamke vingine, na kiongozi wao aliandika kwamba jambo hilo litaamuliwa litakapolazimu. Masjala walifunga dirisha. Nje yake watu walianza kujipanga tangu asubuhi, wameshika bahasha zao vifuani, na hapakuwa na wa kuwaambia warudi kesho.

Fundi na mkewe walikwenda kumshukuru Mama Nukta nyumbani, Jumapili alasiri. Fundi alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Muda wote wa chai mkewe ndiye aliyezungumza. Alisimulia jinsi alivyosukumwa ofisi hii na ile, akaiga sauti za makarani mpaka mume wa Mama Nukta akapaliwa kwa kicheko. Fundi alitabasamu panapostahili. Walipoaga, mkewe alitangulia mlangoni na kuinama kufunga viatu. Fundi alibaki nyuma, karibu na meza.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu nataka nikwambie."

"Sema, mwanangu."

"Siku ile sikunyamaza kwa sababu ya hofu. Nilikuwa natafuta." Alitazama kiganja chake cha kulia, akakizungusha taratibu hewani, kama anayefunga kitu. "Kila siku nilikuwa naifunga ile koki. Miaka tisa. Sasa najaribu kuikumbuka jioni ile peke yake, siipati. Naona zile nyingine zote. Yule marehemu alikuwa rafiki yangu. Nilitaka nimjibu, si wakili, yeye. Sikuwa na jibu."

Mama Nukta alivuta kiti, akaketi.

"Watanipandisha tena mwezi ujao," fundi alisema. "Wataniuliza lile lile. Nikinyamaza tena, wataandika nini?"

Alimwangalia kama mtu aliyemletea chombo kilichovunjika fundi pekee anayemjua. Mama Nukta alifungua mdomo. Maneno yalimjia mengi, yamepangika, ya kufariji, na kila moja lilikuwa tayari kwenda mahali pake. Hakulitoa hata moja.

Mlangoni, mkewe alikuwa amesita, kamba za kiatu mkononi, uso ameuelekeza chini. Kisha akaendelea kufunga, polepole, kiatu cha kwanza, halafu cha pili, akasimama akiwasubiri bila kugeuka.