Sauti Kabla ya Redio

Asubuhi ile Chiriku alibofya alama ya redio kwenye kompyuta, akakaza moyo aisikie sauti ya marehemu dada yake, na sauti haikuja. Alikuja mtangazaji tu, anachangamka utadhani hajui kuna watu bado wana usingizi.

Kwenye kiti cha dirishani mama yao alikuwa ameshatoa kikombe mdomoni, ametulia, "marahaba" imemkaa ulimini. Akangoja weee, mwisho ikabidi aimeze.

"We Chiriku, mbona dada yako leo hajaniamkia?"

"Mtandao huo, mama. Unasumbua."

"Mtandao unasumbua, na redio inaongea?"

Chiriku, mtu aliyepewa jina la ndege kwa kutofunga mdomo, akajifanya anakaza nyaya za kompyuta. Mama akachukua fimbo yake, akapapasa ukuta kwenda barazani kuota jua.

Dada mtu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa chumba kile cha cherehani, na alikuwa na utundu, Mungu amrehemu. Macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu, aliipachika sauti yake kwenye programu ya zamani ya kusikilizia redio ya mtandaoni. Akitoka mapema kufuata vitambaa, mtu yeyote akifungua redio, kwanza inasikika salamu: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Haya, nakuwashia redio yako." Halafu kikohozi kidogo, kiti kinalia, ndipo redio inaanza.

Kisha akafariki, ghafla, mama akiwa amelazwa hospitali kwa maradhi ya moyo. Daktari alisema mgonjwa asishtuliwe. Ndugu wakakaa kikao, wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu, wakazika bila yeye. Aliporudi nyumbani akaambiwa mwanao kapata kazi mbali, kaondoka haraka, ila salamu zako atakuwa anazituma kila asubuhi kwa kompyuta. Majirani nao wakafundishwa uongo huo, wakaushika kuliko wenyewe. Tutamwambia kesho, tutamwambia wiki ijayo, mwaka ukakatika.

Na wa kubofya kila siku ni Chiriku. Hakuizoea sauti ile hata siku moja. Angeapa kwamba kikohozi hakitoki kwenye spika, kinatoka nyuma yake, pale kwenye kiti cha dada. Anageuka, hamna mtu. Alijaribu kukitundikia nguo za wateja kiti kile ili kisikae kitupu. Ikawa balaa zaidi, maana jioni kikaonekana kimekaliwa.

Sasa usiku uliopita kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikaleta programu mpya ya redio na kuiweka mbele. Ile ya zamani ilikuwepo bado, ila haikuitwa tena. Chiriku alipogundua hivyo akampigia simu shemeji yake, mume wa marehemu, mtu wa kompyuta, ambaye tangu mazishi hajakanyaga chumba kile. Akaiweka simu mezani na kuifungulia sauti ili mikono ifanye kazi.

"Shemeji, nimekwisha. Mama kaanza kuuliza."

"Tulia. Bofya alama ya redio kwa kitufe cha kulia. Umeona pameandikwa 'Fungua kwa'? Hapo. Itakuletea orodha ya programu. Chagua ile ya zamani."

"Nimeiona. Chini inaniuliza: 'Mara hii tu' au 'Kila mara'."

"Jaribu mara hii tu kwanza, tuone kama bado inafanya kazi. Ikikubali, tutarudia tuweke kila mara, isikuulize tena."

Akabofya.

"Shikamoo mama. Umeamkaje? Haya, nakuwashia redio yako." Kikohozi. Kiti kikalia.

"Imekubali, shemeji! Shemeji? Upo?"

Chiriku akakumbuka, amechelewa, kwamba mwenzake huyu hakuwa ameisikia sauti ya mkewe tangu siku ya kumzika.

"Marahaba, mwanangu," mtu akaitikia mlangoni.

Chiriku aliruka nusura aangushe meza. Mama alikuwa ameegemea fremu ya mlango, uso umelowa.

"Muulize shemeji yako," mama akasema, "mwanangu amelala upande gani wa makaburi."

Chiriku akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya nguo za watu, kiti kilekile alichokiogopa.

"Nani kakwambia, mama?"

"Aniambie nani, na mtaa mzima mmeufunga mdomo? Mtu gani anakohoa kikohozi kilekile mwaka mzima? Mafua gani hayo, hayaponi wala hayazidi? Nimepungukiwa macho, masikio ninayo."

"Sasa mbona ulikuwa unaitikia?"

"Mtoto ananiamkia, nisimwitikie? Halafu wewe nilikuwa nakusikia unavyobana pumzi ukibofya. Nikasema huyu bado, siku akiweza ataniambia mwenyewe." Mama akapangusa uso kwa upande wa kanga. "Lakini nimechoka, mwanangu. Kila nikijiandaa kumlilia, ananiamkia. Utamliliaje mtu anayekuamkia? Leo hakuja. Nikasema, basi, ameondoka. Nimetoka nje nilie, nakusikia huku ndani unamrudisha."

Chiriku alilia kwa aibu na kwa uchungu, vyote pamoja. Alipoweza kuona, alirudi kwenye ile orodha, akachagua programu mpya, isiyo na salamu wala kikohozi, akabofya "Kila mara".

"Tayari?" mama akauliza.

"Tayari, mama."

Hapo ndipo mama alipoachia. Alipiga yowe, na majirani wakaja mbio wakajazana mlangoni. "Jamani, nani kafa?" mmoja akauliza, kisha akajiziba mdomo.

"Dada," Chiriku akasema, kwa mara ya kwanza mbele ya mama. "Dada amefariki."

Wakaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, wale wale waliodanganya mwaka mzima, wakalia kana kwamba habari imefika sasa hivi. Pale mezani, ndani ya simu, mwanamume naye alikuwa analia. Mama akaisikia sauti, akapapasa mpaka akaishika.

"Mkwe wangu," akasema, "njoo unipeleke. Salamu zake zote nimeziitikia humu ndani. Nataka nikamwitikie alipo."