Mizinga ya Shangazi Veneranda

Jioni ile, uani kwao Chemchem, Levina alikuwa akimnyonyesha mwanawe huku akimsomea shangazi yake Veneranda kisa alichowatungia wanafunzi wake wa utafiti. Kilikuwa kisa cha kweli. Mtafiti mmoja alichora ramani ya mizinga ya shangazi, akaiweka mtandaoni kwa nia njema ili kila mtu ajifunze; wezi nao wakaifuata mpaka kwenye asali. Wanafunzi wangejadili kipi kiwekwe wazi na kipi kisitiriwe. Lakini shangazi asiporidhia, Levina hatakifundisha.

Alisoma polepole, sauti ikivuma kama nyuki, mpaka mtoto akasinzia. Levina naye akajiona anapita kwenye miti ya miyombo iliyochanua, moshi mwembamba ukielea, mizinga imetulia matawini kama watoto mgongoni.

"Huyo Mama Fulani ndiye nani?" shangazi akamkatiza.

"Ni wewe, shangazi. Nimekusitiri."

"Umenificha kama mgoni uvunguni! Mimi nimeibiwa, sikuiba. Andika jina langu, na la baba yangu pia."

"Na la msitu?"

"Thubutu! Utaje msitu uone kama huyo mjukuu wangu atalamba asali."

Levina alicheka kimya kimya asije akamwamsha mtoto. Akafuta Mama Fulani, akaandika Veneranda binti Ambrosi. Palipokuwa na jina la msitu akapaacha peupe, wanafunzi wenyewe waulizane kwa nini.