Mabehewa Yaliyogeuzwa

Kahawa ililetwa kwenye sinia dogo, na bilauri ya maji pembeni kama wanavyoipenda watu wa Vienna, na Roswitha Pichler akaiacha ipoe. Kiti kilikuwa kipana, cha ngozi laini, kinachompokea mtu kama aliyekuwa akingojwa. Nje, mashamba yenye mabaka ya theluji yalipita bila kelele. Alikuwa ameongeza pesa ili asafiri kwa raha, na raha ilikuwamo, imejaa behewa zima. Yeye tu ndiye asiyekuwamo.

Alivua koti, akaketi, akasimama, akalivaa tena. Akatoa mkobani kadi aliyotumiwa na bintiye na kuisoma, ingawa aliijua kwa moyo. “Ubatizo ni Jumapili saa tano. Njoo, mama, kama unaweza kuja bila kumsahihisha mtu.”

Verena hakuwa ameandika neno jingine. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu binti huyo afunge mizigo na kuhamia Munich kwa Tomislav, fundi wa baiskeli, ambaye Roswitha alimtabiria mbele ya wageni kwamba angemwachia Verena mtoto na pampu. Mtoto sasa alikuwa na miezi mitano. Bibi yake alimjua kwa picha. Roswitha alikuwa muuguzi mkuu wa wadi kwa miaka thelathini na miwili, na huko kosa la mtu lilisemwa papo hapo, kabla halijazaa kaburi. Kumsahihisha mtu, kwake, kulikuwa kumpenda bila kupoteza muda. Hakujua angeingiaje katika nyumba ile na mdomo aliozaliwa nao.

Treni ilipotoka kituo cha Linz, mzee mmoja mwenye fimbo alisimama kando yake.

“Samahani, bibie. Nadhani umekalia kiti changu.”

“Wewe unadhani. Mimi nina tiketi.” Akamwonyesha. “Arubaini na nne.”

“Hata yangu ni arubaini na nne.”

“Basi soma namba ya behewa. Miwani ni ya kuvaa, si ya kubebwa.”

“Iko puani, bibie.”

“Behewa la ishirini na moja huwa mbele kabisa, na mbele kabisa ndipo nilipopandia. Miaka ishirini nasafiri na treni hii. Nenda ukatafute lako, mhandisi.” Kile cheo alikiona kimeandikwa kwenye lebo ya begi lake, kwa kuwa Austria mtu hukubali kusahau meno nyumbani kuliko kusahau cheo.

“Mhandisi Hlavacek,” mzee akasema, akainamisha kichwa kidogo. Abiria wengine walizama ndani ya magazeti yao. Behewa lilikuwa limejaa. Mzee akaenda kusimama karibu na mlango, mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine kwenye fimbo, na treni ilipokata kona alikuwa akiyumba.

Roswitha alipaswa kuona raha ya mshindi. Badala yake alijikuta akitazama ile fimbo, kisha dirisha, kisha fimbo. Akainywa kahawa, ikiwa baridi.

Kondakta alifika dakika chache kabla ya Salzburg. Akaikagua tiketi, akakunja uso.

“Mama, hii ni ya behewa la ishirini na moja. Hapa ni la thelathini na moja.”

“Haiwezekani.”

“Leo mabehewa yamegeuzwa, ya mbele yako nyuma. Vienna walitangaza mara tatu.”

Walitangaza, ni kweli. Tangazo hilo husikika mara nyingi katika vituo vya nchi ile hata masikio yamelizoea kama mvua. Na namba ya mlangoni hakuitazama; nani husoma namba ya mlango wa nyumba yake?

“Salzburg treni inakatwa,” kondakta akaendelea. “Sisi wa mbele tunapanda milimani, Gastein kwenye chemchemi za moto. Munich ni vipande vya nyuma, na ndani hakuna pa kupita. Mlango ukifunguka, mama, usitembee. Kimbia.”

Alishusha sanduku. Mlangoni alikutana na mzee uso kwa uso, na treni ilikuwa bado haijasimama, kwa hiyo hapakuwa na pengine pa kutazama.

“Kiti ni chako,” alisema. Akahamishia sanduku mkono wa pili kabla ya kuongeza: “Nimekosea.”

“Nakwenda kuyaloweka magoti kwenye maji ya moto,” mzee akajibu. “Yenyewe yamekusamehe. Mimi bado nafikiria.”

Akakimbia. Magurudumu ya sanduku yalipiga kelele jukwaa zima, watu wakampisha, na moyo wake wa miaka sitini na mitatu ukampigia mbavu. Alipojitupa kwenye kiti chake halali, sehemu ya mbele ilikuwa tayari inaondoka bila yeye, kuelekea milimani.

Kiti hiki nacho kilikuwa cha ngozi, kipana vilevile. Alikaa ukingoni mwake. Alijaribu kukumbuka ni wangapi katika maisha yake waliosimama mlangoni huku yeye ameketi, ana hakika. Kwanza zilikuja sura za wauguzi wadogo, kisha ya marehemu mumewe, kisha akaacha kuhesabu. Mpaka wa Ujerumani ulipita bila yeye kuuona.

Munich alishukia mkiani mwa treni. Verena alikuja mbio kutoka upande wa pili, nywele amezikata, mtoto amefungwa kifuani kwa kitambaa cha bluu.

“Mama! Nimekungoja kule mbele, watu wote wameshuka, nikadhani umeghairi. Si uliandika behewa lako liko mbele?”

“Niliandika. Sikuwa sahihi.”

Verena akageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sauti asiyoijua.

Ndipo Roswitha alipoiona miguu ya mtoto. Mmoja ulikuwa na soksi. Wa pili ulining'inia wazi, mwekundu, katika upepo wa Machi uliokuwa ukifagia jukwaa. Mdomo wa Roswitha ukafunguka.

Mtoto akapiga chafya. Verena alikuwa akimtazama mama yake mdomoni.