Chemchemi ya Nasaka

Ilikuja kama habari njema, na ndiyo maana ilimtisha Fridah Wekoye. Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, chai yake bado inafuka mezani kwake Kitale, Wakoli alipopiga simu huku akicheka. Wakoli ndiye mlinzi wa bwawa la Nasaka, upande wa Matulo, na kwa kawaida simu yake huwa ni ya kuomba gambuti mpya.

"Mhandisi, Mungu ametukumbuka bana! Ile chemchemi yetu imeongeza maji. Ndoo inajaa hata kabla mama hajamaliza salamu. Saa hii wanaimba huku."

"Imeongeza tangu lini?"

"Kama siku tatu hivi. Lakini leo ndiyo imezidi. Ati imekuwa na rangi kidogo, si mbaya. Kama chai ya maziwa."

Fridah alikitazama kikombe chake, akakisukuma kando. Hakukigusa tena.

Miaka ishirini na mmoja alikuwa kwenye kazi ya maji ya umma. Wenzake wa chuo walikimbilia Nairobi kujenga maghorofa, yeye akabaki kufuata mabomba kwa miguu kutoka Endebess, mvua ikimnyeshea Saboti, na kila kituo alichofika watu walimwangalia nyuma ya bega wakiuliza mhandisi mwenyewe yuko wapi. Alizoea. Sasa Jumatatu bodi ingekaa kumthibitisha kuwa mkuu wa ufundi wa kanda nzima, na hakukuwa na mwanamke aliyewahi kukikalia kiti hicho. Alikitaka. Tusimpambe kwa unyenyekevu asiokuwa nao; alikitaka sana.

Lakini alifundishwa kazi na mzee Gicheru, mhandisi mkali aliyestaafu zamani, na Gicheru alimwambia jambo moja siku yake ya kwanza. Kila bwawa la udongo huvuja. Likivuja maji safi, nenda kalale. Likivuja maji yenye udongo, jua tuta linaliwa kutoka tumboni, na siku litakapobomoka halitakupigia simu.

Na chemchemi ya Nasaka ilikuwa hatua sitini tu chini ya tuta la bwawa.

Barabarani, mikono ikiwa imekaza usukani, alikumbuka jinsi mambo yalivyokuwa miaka tisa iliyopita. Bwawa lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu limalizike, kwa mchoro wake yeye. Kina mama wa pale chini waliomba chemchemi yao ijengewe, na sheria ya ofisi ilikuwa kwamba ofisi hutoa saruji kwa chemchemi ya asili peke yake. Fridah akaenda kuuliza swali moja la lazima: maji haya yalikuwapo kabla ya bwawa? Aliyejibu ni mwenyekiti wa kikundi, Agneta, dada mkubwa wa baba yake Fridah.

"Mimi nilichota hapa nikiwa msichana," alisema.

Fridah alikuwa na shaka. Lakini huyo alikuwa shangazi yake, senge kwa lugha yao, na kwao senge haulizwi mara mbili, tena mbele ya watu. Akaandika "chemchemi ya asili", akatia sahihi. Kina mama wakajenga kama inavyojengwa kila mahali Bungoma: wakachimba hadi kwenye jicho la maji, wakapanga mawe, wakashindilia udongo wa mfinyanzi, wakatandika nailoni, wakainua ukuta wa saruji na kuchomeka bomba. Saruji ikiwa mbichi, wakaandika juu yake jina la Mhandisi F. Wekoye. Siku ile alijisikia vizuri mno.

Alifika saa tatu na nusu. Kweli walikuwa wanaimba. Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wamepanga mitungi, na maji yalikuwa yakiruka kutoka kwenye bomba hadi yanapita jiwe la kuwekea ndoo. Senge Agneta, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, alimkumbatia.

"Mwanangu, umekuja kuona baraka."

"Mulembe, Senge. Naomba kwanza nipime."

Kipimo hakikuwa cha ajabu, ni ndoo ya lita ishirini na saa ya simu. Mwaka jana ndoo ilijaa kwa sekunde arubaini na moja. Sasa ilijaa kwa kumi na mbili. Fridah akachota maji kwenye chupa tupu ya soda, akaisimamisha ukutani, akasubiri. Wanawake nao wakasogea kuitazama chupa bila kujua wanasubiri nini. Taratibu, tope likashuka na kutulia chini ya chupa, unene wa kidole. Lilikuwa jekundu.

Udongo wa pale bondeni ni mweusi tititi. Udongo mwekundu ulitoka mlima wa pili kwa malori, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka kuwa tuta la bwawa, na Fridah aliujua kama anavyojua mwandiko wake. Ni yeye aliyeuchagua.

Akageuka kulitazama tuta. Lilikuwa limesimama pale juu na nyasi zake nzuri, limetulia, na nyuma yake bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni kwa mvua za mwezi mzima. Chini yake, zaidi ya chemchemi, kulikuwa na nyumba mia moja na soko la Jumamosi.

Pembeni ya ukuta palikuwa pamepasuka, na wanawake wawili walikuwa wanakanda udongo wa mfinyanzi wauzibe ule ufa ili maji yote yapite bombani.

"Acheni! Msizibe!" sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Mkiziba hapa yatatokea mahali pengine, na yatatoka na tuta lote. Wacheni maji yatoke. Kitu tunazuia ni udongo." Kisha akasema alichokuja kusema. "Hii si chemchemi. Haya ni maji ya bwawa. Naomba kila mtu aondoke hapa, na kule sokoni pia."

Hakuna aliyeondoka. Mmoja alicheka, si kwa ubaya, akaelekeza kidole kwenye ukuta. "Mhandisi, si hii ni jina yako? Wewe mwenyewe ulisema ni chemchemi."

Fridah akaitega tena ndoo bombani: sekunde tisa. Akapanda tuta mbio hadi kwa Wakoli, kwenye kibanda cha vali ya chini, ile inayofunguliwa kumwaga bwawa mtoni.

"Fungua."

Wakoli aliacha kucheka. "Mhandisi, hiyo siwezi. Bila barua ya Kitale ofisi itanifuta. Hii maji ndiyo Bungoma mjini wanakunywa."

Akampigia Kang'ethe, bosi wake. Kang'ethe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mwezi mmoja kabla ya pensheni, na watu wa namna hiyo husikia kila neno kama hatari.

"Subiri Jumatatu," alisema. "Tutatuma timu."

"Jumatatu hakuna tuta, bwana Kang'ethe. Ndoo ilikuwa sekunde kumi na mbili. Nimepima tena sasa hivi, ni tisa."

"Ukimwaga hayo maji, mji mzima unakauka mwezi mmoja. Na bodi wakiuliza nani aliidhinisha chemchemi kwenye mguu wa bwawa, utawajibu nini? Sahihi ni yako, Fridah. Unajichimbia kaburi na jembe lako mwenyewe."

"Najua."

"Mimi sikupi ruhusa. Ukifungua, umefungua wewe."

Simu ikakatika. Fridah akasimama pale upepo ukimpiga, akaogopa, akaogopa hasa. Wangapi wangempa haki akirudi Kitale na kuandika kwamba aliomba ruhusa akanyimwa? Wote. Karatasi ingemlinda yeye vizuri tu. Watu wa sokoni isingewalinda.

Akateremka tena hadi kwa shangazi yake. Hakumvuta kando. Aliuliza mbele ya wote, jambo ambalo kwao ni utovu wa adabu.

"Senge, nisamehe. Nakuuliza mara ya pili. Haya maji yalikuwapo kabla ya bwawa?"

Wanawake waliguna. Senge Agneta alinyooka kama aliyepigwa kofi. Maji yalizidi kuvuma bombani.

"Hayakuwapo," alisema mwishowe. "Hapa palikuwa shamba ya mihogo. Maji ilitokea baada ya bwawa kujaa."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Wewe ulileta bwawa juu ya vichwa vyetu, ukapitisha bomba hapa mlangoni kwetu ikaenda mjini. Hatukupata hata mfereji moja. Moja! Tuliomba, mkasema tungoje awamu ya pili. Halafu hii maji ikajitokeza yenyewe, safi, na wewe ukasema lazima iwe ya zamani ndiyo mtoe simiti. Ningesema nini?"

Hapo Fridah hakuweza hata kukasirika. Angetaka. Lakini wanawake walikuwa wamesikia, na sasa walikuwa wakitazama tuta kwa macho mengine. Mmoja akabeba mtungi wake, mwingine akamwita mwenzake, na kabla ya dakika tano njia ya sokoni ilikuwa imejaa watu wanaokimbia na kupiga kelele za kuwahamisha wengine.

"Sasa unataka nini?" Senge aliuliza.

"Mchanga, kokoto na mawe. Mengi, na haraka."

Mchanga, kokoto na mawe vilikuwapo, lori zima la kila kimoja, kwenye kiwanja cha kanisa jipya. Senge Agneta hakumuuliza mchungaji. Alifungua geti mwenyewe, na waliobaki wakaanza kubeba kwa makarai na magunia huku Fridah akielekeza: mchanga kwanza juu ya ufa, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Tope likapungua kidogo. Kidogo tu, lakini aliona.

Akapanda tena kwa Wakoli. Alirarua ukurasa kwenye daftari lake, akaandika: Mimi, Mhandisi Fridah Wekoye, nimeamuru vali ifunguliwe, mlinzi alikataa. Akatia sahihi, tarehe na saa. Wakoli alisoma polepole, akaukunja, akauweka mfukoni mwa shati.

"Basi shika hapo upande ule," alisema. "Hii gurudumu ni nzito."

Walifungua nusu. Ukimwaga haraka mno, upande wa ndani wa tuta huporomoka. Ukimwaga polepole mno, tumbo linakwisha kuliwa. Fridah alishinda na kukesha kati ya hofu hizo mbili, akizungusha gurudumu kidogo, akirudi kupima, na kila saa akiandika sekunde za ndoo. Saa saba mchana zilikuwa nane, na alidhani wamechelewa. Saa kumi zikawa tisa. Jioni kumi na nne. Hapo ndipo alipokaa chini akalia, Wakoli akijifanya anatafuta kitu kibandani.

Jumapili saa nne asubuhi bwawa lilikuwa limebaki dimbwi la matope katikati, na tuta limesimama. Juu, upande wa ndani, tundu lilionekana wazi, lingeweza kumeza ng'ombe. Watu walipanda kulitazama, wakashika midomo. Wakamshukuru Fridah, wakamwombea, wakamshika mikono.

Kisha wakateremka na mitungi yao kwenye chemchemi, kwa mazoea, na hakukuwa na kitu. Bomba lilidondosha tone, likangoja, likadondosha jingine. Baadaye likaacha.

Simu ya Fridah ilikuwa ikiita mfukoni, namba ya Kitale. Wanawake walisimama nusu duara. Senge Agneta aliinamia bomba, akatia kidole ndani, akakitoa kikavu.

"Umetuokoa," alisema. "Sisemi hapana. Sasa tutakunywa nini?"

"Sijui, Senge."

"Hujui."

"Sijui bado."

Senge alichukua mtungi wake mtupu, akaugeuza kitako juu, akaupangusa kwa upindo wa leso, akauweka mbele ya mpwa wake kama kiti.

"Basi kaa hapa mpaka ujue."

Fridah akaizima simu, akakaa.